Meza ya Ufundi: Raspberry Pi Mbali na Umeme wa Gridi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Raspberry Pi, kompyuta ndogo za bodi moja, zilizopelekwa mtoni, bwawani na visiwani, ambako hakuna wa kuchomoa waya na kuurudisha mambo yakikwama. Amri zote hapa ni za Raspberry Pi OS ya Bookworm, iliyotoka Oktoba 2023. Kwenye matoleo ya nyuma, faili la `config.txt` liko ndani ya `/boot` badala ya `/boot/firmware`.

Kinakufa saa 8 usiku

*Kituo chetu cha kupima kina cha mto kina Pi 4, modemu ya USB ya 4G, paneli ya wati 20 na betri ya 12V 7Ah, ile ya UPS. Mchana kinatuma data bila shida. Ikifika saa 8 usiku, kimya, mpaka saa 3 asubuhi. Tumeandika upya programu na hali ni ile ile. — Msomaji, Kilosa*

Programu haina kosa, iacheni. Pi 4 isiyo na kazi nzito, pamoja na modemu, hula wastani wa wati 4.5 upande wa 5V. Kishusha volti nacho kinachukua chake: kikiwa na ufanisi wa asilimia 88, betri inatoa wati 5.1. Betri ya 7Ah ina 84Wh (wati-saa) kwenye karatasi, lakini betri ya risasi na asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo mlizonazo ni 42Wh. Gawanyeni kwa 5.1 mpate saa 8 na dakika kidogo. Jua likizama saa 12 jioni, mnaona wenyewe inaangukia saa ngapi. Betri mpya ingejikongoja hadi alfajiri kwa kujiumiza, ila ya UPS iliyokwishatumika haina hata hizo 84.

Paneli nayo haitoshi. Wati 20 kwa saa 4.5 za jua kamili, ukiondoa asilimia 30 ya joto, vumbi na hasara ya chaji kontrola, ni 63Wh kwa siku. Kituo kinakula 122Wh. Hata mkiweka betri ya gari, itakwisha tu, isipokuwa itachukua siku kadhaa zaidi.

Punguzeni ulaji kabla ya kununua chochote. Pi Zero 2 W ikiwa imetulia inakula karibu wati 0.6, na kwa kusoma sensa inatosha sana. Modemu ndiyo mlaji mkubwa, basi iwashwe dakika 10 kila saa: pitisheni waya wake wa 5V kwenye moduli ya MOSFET (swichi ya elektroniki) inayoendeshwa na pini ya GPIO (pini za Pi za kuunganishia vifaa), na programu ishushe muunganisho kwanza kabla ya kukata umeme. Kumbukeni Zero 2 W ina tundu moja tu la data, tena micro-USB, hivyo mtahitaji adapta ya OTG. Kwa mpangilio huo wastani unashuka hadi wati 1.5 hivi kutoka kwenye betri, yaani 36Wh kwa siku. Siku 3 za mawingu ni 108Wh; zidisheni mara 2 kwa sababu ya ile nusu isiyoguswa, mpate 216Wh, ambazo ni betri ya 12V 18Ah. Paneli ya wati 30 wakati wa masika, tukihesabu saa 3 tu za jua, itatoa kama 63Wh, na ziada hiyo ndiyo inayorudisha betri baada ya mvua za mfululizo. Msikadirie matumizi yenu kwa namba zetu: wekeni kipimo cha USB kati ya chanzo na Pi kwa saa 24 nzima mkiwa bado mezani.

Kuna mtego mmoja. Watu wengi huongeza ADS1115, chipu ya kupima volti, ili Pi isome volti za betri, kwa kuwa yenyewe haina pini ya analogi (rezista za 100kΩ na 22kΩ zinashusha 15V hadi 2.7V, salama kwa chipu inayotumia 3.3V). Hapo ni sawa. Kisha wanaandika kwamba betri ikifika 12.0V Pi ijizime kwa `poweroff`. Pi inajizima, asubuhi jua linatoka, betri inajaa, na Pi inabaki imelala. Haiwaki yenyewe mpaka umeme ukatike na kurudi, na kama chaji kontrola haikufikia kiwango chake cha kukata, umeme haukukatika. Kituo kinakaa na betri iliyojaa bila kutuma chochote mpaka mtu aende. Ni afadhali Pi izime modemu na kuacha kuandika, halafu kontrola ikate yenyewe ikifika wakati wake. Kadi ikiwa imefungwa kama tunavyoeleza hapa chini, kukatika huko hakuna madhara.

Na kama kazi yote ni kusoma kina cha maji kila robo saa, bila kamera na bila hesabu nzito, hamhitaji Linux kabisa. ESP32, chipu ndogo isiyotumia Linux, ikilala usingizi mzito inakula mikroampia chache, na betri ile ile ya 7Ah itawatosha. Linux ina maana penye kamera, hifadhidata au kuchuja data hapo hapo.

Inajiwasha upya kila modemu ikituma

*Pi 3B+ iko juu ya paa, inalishwa kwa waya wa USB wa mita 3 kutoka kwenye boksi la betri chini. Nikiipima chini kwa multimita napata 5.1V safi. Bado inajiwasha upya, hasa wakati wa kutuma picha. — Msomaji, Mwanza*

Umepima mwanzo wa waya. Pima mwisho wake, kwenye pini 2 na pini 6 za Pi, wakati modemu inatuma. Nyaya nyingi za USB za bei nafuu zina nyuzi za AWG 28 (kipimo cha unene wa waya: namba ikipanda, waya ni mwembamba), zenye karibu ohm 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda mita 3 na kurudi mita 3: ohm 1.28. Pi na modemu zikivuta ampia 0.8, volti 1 nzima inapotea njiani na Pi inabaki na 4.1V. Pi 3B+ huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63V.

Ushahidi upo kwenye Pi yenyewe:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu la `0x0` ni afya. `0x50000` maana yake umeme ulishuka wakati fulani tangu iwashwe na kasi ikapunguzwa. `0x50005` ni kwamba hali hiyo ipo sasa hivi. Hesabu hiyo inafutika Pi ikijiwasha upya, kwa hiyo iandike kwenye logi kila dakika 5.

Dawa ni kupandisha 12V juu ya paa na kukiweka kishusha volti ndani ya boksi la Pi, waya wa 5V usizidi sentimita 30, unene AWG 20 au mnene kuliko huo, na kishushio kipangwe 5.1V kabla ya kuunganisha Pi. Kwenye 12V mkondo wa nguvu ile ile ni mdogo, na hata ukipoteza nusu volti njiani kishushio hakijali. Ukiingiza 5V kupitia pini za GPIO badala ya tundu la USB, unaipita fyuzi ya bodi, basi weka yako ya ampia 2 au 3. Hapo ukigeuza chanya na hasi, hakuna kitakachokuokoa.

Kadi ya tatu hii

*Kila baada ya muda kadi inaharibika na Pi haiwaki tena. Nimenunua za GB 64 za jina kubwa. Tatizo ni kadi au mimi? — Msomaji, Kisumu*

Huenda ni vyote viwili. Anza na kadi, kwa sababu sokoni za bandia ni nyingi: zinajitangaza GB 64 wakati ndani kuna 8, na zinafanya kazi vizuri mpaka siku utakapovuka hiyo 8. Kwenye kompyuta ya Linux weka programu ya `f3`, endesha `f3write` kisha `f3read` kwenye kadi tupu. Ikipoteza hata sekta moja, irudishe dukani. Kwa kazi ya kuandika muda wote nunua zile za kamera za ulinzi. Ukubwa wa GB 32 unatosha.

Upande wako, kinachoua kadi ni umeme kukatika katikati ya kuandika, na Linux inaandika hata pale wewe huandiki. Fungua `sudo raspi-config`, ingia Performance Options, kisha Overlay File System, ukubali. Kuanzia hapo kadi inasomwa tu. Kila kinachoandikwa kinakwenda RAM na kutoweka umeme ukikatika. Ikikuuliza kama ifunge pia sehemu ya boot, jibu hapana kwanza, kwa sababu bado una kitu cha kurekebisha humo.

Kitu chenyewe ni hiki. Data yako inahitaji mahali pa kudumu, tuseme flashi ya USB iliyoandaliwa kwa `mkfs.ext4 -L data` na kuwekwa kwenye `/etc/fstab` (fanya hivyo kabla ya kuifunga kadi):

`LABEL=data /data ext4 noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=10 0 2`

Usipobadilisha kitu kingine, overlay itaifunika na hiyo flashi pia. Utaona faili zako zote ndani ya `/data`, utaridhika, na Pi ikijiwasha upya zimepotea. Fungua `/boot/firmware/cmdline.txt`, badilisha `overlayroot=tmpfs` iwe `overlayroot=tmpfs:recurse=0`, na hakikisha faili zima linabaki mstari mmoja. Washa upya, kisha `findmnt /data` ikuonyeshe ext4. Ikionyesha overlay, bado. Usiiamini mpaka uweke faili la majaribio, ung'oe umeme kwa makusudi, na ulikute. Siku ya kusasisha mfumo utalifuta neno hilo kwa mkono, uwashe upya, usasishe, ulirudishe.

Neno `nofail` usilisahau hata kidogo. Bila hilo, flashi ikifa Pi inasimama kwenye hali ya dharura ikisubiri mtu mwenye kibodi, na wewe uko Kisumu. Ila nalo lina gharama yake: flashi isipokuwepo, programu itaandika ndani ya folda tupu ya `/data`, yaani kwenye RAM, mpaka ijae. Programu ianze kwa kuuliza `mountpoint -q /data`. Logi za mfumo nazo zipunguze katika `/etc/systemd/journald.conf`: `Storage=volatile` na `RuntimeMaxUse=20M`.

Saa inarudi nyuma, na handaki halifunguki

*Tunapima joto la maji ya bahari kwenye mashamba ya mwani. Data inaingia na tarehe ya mwezi uliopita. Kingine, WireGuard, handaki letu la VPN la kufika kwenye seva, inakataa kuunganika kila Pi ikijiwasha upya, kisha siku nyingine inakubali yenyewe. Overlay tumewasha, modemu inapata mtandao. — Msomaji, Pemba*

Chanzo ni kimoja. Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani inayotembea umeme ukikatika. Mfumo hujaribu kuziba pengo kwa kuhifadhi saa ya mwisho kwenye faili, na faili hilo nanyi mmelifungia kwenye overlay. Kwa hiyo kila ikiwaka, Pi inarudi siku ile mliyowasha overlay na kuendelea kutoka hapo mpaka ipate saa sahihi ya mtandao.

WireGuard inaingia humo humo. Kila ombi la kuunganika lina muhuri wa wakati ndani yake, na seva hukataa ombi lenye muhuri wa nyuma kuliko wa mwisho iliouona, kwani linafanana na ombi la zamani lililonaswa na kurudishwa na mwizi. Seva haiandiki kosa lolote, inanyamaza tu. Kama pia mmeweka `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`, mmefunga mlango na ufunguo ndani: trafiki yote inapita handakini, pamoja na ya kuuliza saa, na handaki halifunguki mpaka saa iwe sawa. Wekeni anwani ya seva tu, mfano `10.8.0.1/32`, na saa ipite nje.

Kisha nunueni moduli ya DS3231, saa (RTC) yenye betri yake. Katika joto la kati ya 0 na 40 inapotea kama dakika 1 kwa mwaka. VCC iende pini 1, ambayo ni 3.3V, SDA pini 3, SCL pini 5, GND pini 6. Msiiunganishe na 5V ingawa inakubali: rezista zake zitavuta SDA na SCL hadi 5V na kuziumiza pini za Pi. Zaidi ya hapo, moduli nyingi zina sakiti ya kuchaji, ambayo kwenye 5V itasukuma umeme ndani ya CR2032, betri isiyochajika, mpaka ivimbe.

Zimeni overlay kwanza, halafu kwenye `config.txt`:

`dtparam=i2c_arm=on`
`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Ondoeni `fake-hwclock` kwa `apt purge`, washeni upya. `i2cdetect -y 1` ikionyesha `UU` penye 68, kerneli imeishika. Ikionyesha namba `68` yenyewe, waya uko sawa ila mstari wa `dtoverlay` haujasomwa. Acheni Pi ipate saa ya mtandao, `timedatectl` iwaonyeshe saa ya RTC inayolingana, ndipo mrudishe overlay.

Kuhusu bando la data: `PersistentKeepalive = 25` mnaihitaji, kwani laini za simu huwapa anwani ya ndani na njia ya kurudi hufungwa mkikaa kimya. Inatumia karibu nusu MB kwa siku. Kinachoweza kumaliza bando ni mfumo kutafuta masasisho wenyewe:

`sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`

Nyuzi 85 ndani ya bwawa la samaki

*Sensa ya joto ya DS18B20 inasoma 26, 26, halafu 85, halafu 26. Waya una mita 15. — Msomaji, Entebbe*

85 ni thamani ambayo chipu huamka nayo kabla haijapima. Sensa yako inapoteza umeme kwa kitambo na kuamka upya katikati ya kazi. Tumia nyaya 3 (usiiache ijilishe kwa waya wa data), na rezista kati ya data na 3.3V ishushe kutoka 4.7kΩ hadi 2.2kΩ kwa urefu huo. Sensa zikiwa kadhaa, zipangwe kwenye waya mmoja mrefu, zisichanue kutoka sehemu moja. Angalia na maungio yaliyozama: maji yakipenya, data ya kwanza kuharibika ni hiyo. Katika programu tupa kila 85 inayotokea ghafla, lakini usiifanye hiyo ndiyo tiba.

Haishiki Wi-Fi

*Shikamoo mafundi. Nimefuata maelekezo ya kuweka `wpa_supplicant.conf` kwenye boot, na kuingia kwa jina `pi`. Hakuna kinachokubali. — Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba. Maelekezo yamezeeka. Jina la `pi` lenye neno la siri linalojulikana liliondolewa Aprili 2022, na Bookworm inatumia NetworkManager, haisomi faili hilo tena. Tumia Raspberry Pi Imager, na kabla ya kuandika kadi jaza mipangilio yake: jina lako, Wi-Fi, nchi, na SSH (njia ya kuingia kutoka kompyuta nyingine). Nchi usiiruke, la sivyo redio inabaki imezimwa. Na kama Pi yako ni Zero 2 W, haioni mtandao wa 5GHz.

Wikipedia bila intaneti

*Shule yetu inataka Kiwix kwenye Pi 4 kwa darasa la watu 40. Faili kubwa linagoma kunakiliwa kwenye flashi, na simu zikizidi Wi-Fi inakwama. — Mwalimu, Dodoma*

Flashi yako ni FAT32, na hiyo haibebi faili linalozidi GB 4. Iandae upya kwa ext4, au exFAT kama utaitumia pia kwenye Windows. Wi-Fi ya ndani ya Pi usiipe zaidi ya simu 10 hivi. Kwa darasa zima, chomeka ruta ya kawaida kwenye tundu la Ethernet, simu zishike ruta, Pi ibaki na kazi ya seva peke yake.

Ndani ya boksi

*Boksi letu ni IP65, la kuzuia vumbi na maji, na bado tunakuta maji ndani na pini zina kutu ya kijani. Tuko mita chache kutoka baharini. — Msomaji, Lamu*

Maji hayo mengi hayakuingia kama maji. Boksi linapata joto mchana, linapoa ghafla mvua ikipiga, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta hewa yenye unyevu na chumvi kupitia kila upenyo. Usiku unyevu huo unakuwa matone. Kuziba zaidi kwa silikoni hakusaidii sana. Weka kizibo cha kupumulia chenye utando, upande wa chini, ili hewa ipite na maji yabaki nje. Nyaya zote ziingie kwa chini kupitia glandi, kila moja ikiwa na kona inayoning'inia chini ya tundu ili matone yadondokee hapo. Glandi isiyotumika izibwe, maana mchwa na mijusi hawasomi namba ya IP.

Bodi ipakwe vanishi ya sakiti, ukiziba kwanza kwa utepe tundu la kadi, USB na pini. Kwa pwani, ungio la kuchomeka ndilo linalokufa mapema: waya za kuchomeka za majaribio ziondoke, chomelea kwa lehemu au tumia vibanio vya skrubu, na pini zilizobaki zipake grisi ya silikoni. Boksi liwe jeupe, chini ya kivuli cha paneli, kukiwa na nafasi ya sentimita 5 kati yake. Pi nyingi huanza kupunguza kasi zikifika nyuzi 80, na boksi jeusi juani linazipeleka huko hata bila kazi. `vcgencmd measure_temp` ya saa 8 mchana itawaambia.